Kimoja cha Kazi, Kimoja cha Akiba

Kilichopotea kwanza kilikuwa skrubu, ndogo kuliko punje ya mchele. Fundi mwingine angetupa jicho sakafuni, akasonya, akatengeneza nyingine. Lakini huyu hakuwa fundi mwingine. Huyu alikuwa Fundi Jozi, na jina hilo hakulipata kwa kuuza viatu. Kila kipuri alichokichonga, alikichonga mara mbili: kimoja cha kazi, kimoja cha akiba.

Alikuwa akifufua vigarimoshi vya kale, vile vidogo vya kuweka mezani lakini vyenye mvuke wa kweli, boila inachemka, pistoni zinasukuma, magurudumu yanazunguka. Viwanda vilivyovitengeneza vilikufa yeye hajaota hata meno. Vipuri vyake havipatikani popote. Ama unavichonga mwenyewe kwa mashine ya kukereza, tupa na subira, ama unamrudishia mteja mzigo wake pamoja na aibu yako.

"Nikivichanganya hivi," alipenda kujigamba mbele ya mkewe, akitikisa vipuri viwili kiganjani, "hata mimi mwenyewe sijui kipi kilitangulia."

"Ungeweza, ungejichongea na mke wa pili," mkewe alimjibu siku moja. "Tatizo ungeshindwa kumlisha."

Walicheka mpaka mke akashikwa na kikohozi, maana alikuwa na pumu tangu usichana, na pampu yake ya dawa haikutoka mfukoni. Akavuta dawa mara mbili, akaendelea kucheka.

Kigarimoshi cha balaa kililetwa na mwalimu mmoja mstaafu, kimefungwa kwenye shuka. Alikuwa anabomoa nyumba aliyorithi, akakikuta katikati ya ukuta, kimejengewa matofali pande zote.

"Mtu anajengea ukuta kichezeo cha chuma kwa sababu gani?" mwalimu aliuliza.

"Labda alikosa pa kukiegesha," Fundi alisema, akacheka peke yake.

Kilikuwa cheusi tii, kinanuka nywele zilizoungua, na nusu ya viungo vyake vilikuwa vimeng'olewa. Si kuharibika, kung'olewa. Boila tu ndiyo ilikuwa nzima. Fundi akaanza kukereza. Akatengeneza skrubu, akatengeneza pistoni, akatengeneza magurudumu na mikono ya kuyazungushia. Vya kazi akavifunga, vya akiba akavitia kwenye kopo la maziwa juu ya rafu.

Skrubu ikapotea koponi. Kesho yake pistoni. Keshokutwa magurudumu yote sita. Vya kazi havikuguswa hata kimoja.

"Panya," mkewe alisema.

"Panya gani huyo anayebagua?"

Mke alikuwa amekwisha kujilaza. Siku hizo alikuwa hana maneno mengi. Alichoka mapema, akawa analala mchana, jambo ambalo miaka yote aliliita ugonjwa wa wanaume.

Ilikuwa saa nane za mchana, jua limewaka hadi pembeni mwa chumba, Fundi alipoingia kuchukua miwani yake akasikia mkewe anavyopumua. Haikuwa pumu. Pumu aliijua kama alivyojua mlio wa mlango wake. Hii ilikuja kwa mapigo manne, la kwanza zito, matatu mepesi, chuu-chu-chu-chu, kama garimoshi linaloondoka stesheni likiwa na mzigo mkubwa, na kila pigo kitanda kikatikisika kidogo, na kutoka mdomoni mwa mwanamke yule aliyelala usingizi wa maiti ukatoka mvuke, mvuke mweupe wa moto, ukapanda, ukaugusa mkono wa mumewe aliyeinama kumwamsha, ukamuunguza, naye hata hakuuondoa mkono, kwa sababu macho yake yalikuwa yameshuka sakafuni na kuona, kwenye vumbi, mistari miwili myembamba ya mafuta ikitoka uvunguni, ikipita mlangoni, ikikata ukumbi, ikienda moja kwa moja hadi kwenye karakana yake, chini ya ile rafu ya kopo.

Akamwita mganga siku hiyo hiyo. Alikuwa mama mnene, mpole, anayesikia vibaya sikio moja. Alilala chini kwa taabu, akatega sikio zima uvunguni, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ananong'ona.

"Umelijengea mwili, mwanangu."

"Nimemjengea nani?"

"Shhh! Lile lililokuwa ukutani. Walioling'oa viungo walijua wanachofanya. Wewe ukavirudisha, tena ukachonga na vya pili ukaviweka pembeni. Kitu kisicho na kazi wala mwenyewe, kwao ni zawadi. Limekusanya zawadi zake. Sasa niambie wewe uliye fundi: ni kitu gani hukutengeneza viwili?"

Fundi alifikiri.

"Boila," alisema. "Ya kwake ilikuwa nzima. Sikuchonga hata moja."

Mganga akaangalia kifua cha mwanamke kitandani, kikipanda na kushuka. Boila ya pili lilikuwa limeshaipata.

"Chonga moja," alinong'ona. "Ijaze maji, iweke kizingitini. Litaichukua, litamwacha mkeo, litaondoka. Lakini moja, unanisikia? Ukilipa cha ziada, na lenyewe litakulipa cha ziada. Ni viumbe vyenye adabu zao. Malipo yao usiyatamani."

Siku mbili hakulala. Akakata shaba, akaikunja, akailehemu mshono kwa mshono. Na boila, yeyote aliyewahi kulehemu anajua, unaweza kuifunga vizuri kama yai, halafu ikavuja sehemu usiyoiona. Alikaa akiitazama ile kazi, huku chumbani mkewe akipumua mvuke, chuu-chu-chu-chu, kila mara polepole zaidi. Ikivuja je? Je, kukiwa hakuna nafasi ya kutengeneza nyingine?

Haukuwa ubishi. Ilikuwa hofu, na mikono ya miaka thelathini. Akachonga ya pili. Akaificha kwenye droo ya chumbani, chini ya mashuka.

Ile ya kwanza akaiweka kizingitini. Akageuka kufuta mikono, akageuka tena, haipo. Akasikia magurudumu madogo yakishuka ngazi, yakipita uani, yakififia barabarani. Chumbani mkewe akavuta pumzi moja ndefu, akasema, "Fundi, nina njaa." Mwanamume akakaa chini akalia kama mtoto. Droo akaisahau.

Asubuhi aliamshwa karakanani, alikokuwa amesinzia juu ya meza ya kazi, na sauti ya mkewe akiimba jikoni. Akamfuata. Alikuwa amesimama wima, mashavu yamejaa, ngozi inang'aa, kifua kinatoa wimbo mzima bila kukatika. Fundi alikuwa anafungua mikono amkumbatie pale mtu alipokohoa chumbani.

"Fundi," sauti ya mkewe iliita kutoka kitandani, imechoka, ina mkwaruzo. "Nani huyo anaimba jikoni kwangu?"

"Fundi," alisema yule wa jikoni, macho yamemtoka. "Nani huyo anakohoa kitandani kwangu?"

Akakimbilia droo. Ilikuwa tupu. Ukumbini, katikati ya milango miwili, kigarimoshi cheusi kilikuwa kimesimama, kinatoa moshi kidogo kidogo. Kinangoja. Cha kazi kibaki. Cha akiba, kama kawaida, ni chake.

Sura moja. Kovu moja kidevuni. Fundi akasimama kati yao.

"Nilipojisifu siwezi kuvitofautisha vipuri vyangu," alisema kwa sauti iliyopasuka, "mke wangu alinijibu nini?"

"Tatizo ungeshindwa kumlisha," wakajibu wote, kwa pamoja.

Wa kitandani akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wa jikoni hakucheka.

Akafikiri kama fundi. Kinachovuja ndicho kibovu, na kibovu ndicho cha akiba. Tena yule wa jikoni alikuwa mzima, mzima vile alivyomwombea miaka yote. Akauvuta mlango wa chumba, akageuza ufunguo.

"Fundi?" ikaita sauti ndani. "Nipe pampu yangu. Imeanguka, siifikii."

Magurudumu yakapita chini ya mlango, ingawa upenyo ule haukutosha hata kidole. Halafu kimya.

Alipofungua, kitanda kilikuwa kitupu. Chini yake aliiona pampu. Akaiokota, ina joto la mkono. Akaitikisa karibu na sikio. Ilikuwa imetumika nusu, na cha akiba hakitumiki.

Alirudi jikoni akiwa ameishika. Mkewe alikuwa ameshika birika la maji yanayochemka kwa mikono miwili, mdomo wake kwenye mdomo wa birika, anakunywa. Alikunywa hadi tone la mwisho, mvuke ukimtoka puani, kisha akaliweka mezani na kumtazama kwa upendo.

"Chemsha lingine," alisema. "Na usiache moto ukazimika."

Fundi akawasha kiberiti.