Pikipiki Iliyovikwa Nailoni

Seremala aliipenda sana pikipiki yake. Kila jioni aliifuta vumbi. Mvua ikinyesha, aliifunika kwa nailoni kutoka usukani hadi magurudumu, kisha akaifunga kwa mpira ikabana kabisa.

"Baba watoto, mbona mimi hunifuniki hivyo?" mke wake alimtania.

"Wewe hulali nje," alijibu.

Nyumbani hapo aliishi pia mama mkwe wake. Macho ya mama huyo yalikuwa na ukungu. Ugonjwa huo huitwa mtoto wa jicho. Watu aliwatambua kwa sauti tu. Sasa daktari wa macho alikuwa anakuja kituo cha afya. Angefanya upasuaji siku moja, kisha aondoke hadi mwaka ujao. Mama mkwe alitakiwa kufika asubuhi na mapema.

Jioni kabla ya safari, mvua kubwa ilinyesha. Seremala alirudi kutoka kazini amelowa chapachapa, na pikipiki vilevile. Akaifunika palepale, ikiwa bado inachuruzika maji.

Asubuhi jua liliwaka. Mama mkwe alikuwa tayari mlangoni, kofia ngumu kichwani. Seremala akaondoa nailoni. Ndani yake kulijaa matone ya maji. Akabonyeza starta. Injini ikazunguka, haikuwaka. Akapiga kiki hadi jasho likamtoka. Wapi!

"Mwanangu, kuna nini?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Inajinyoosha tu."

Lakini alijua daktari hangewasubiri. Mama huyu alimpokea kama mwanawe wa kumzaa. Leo amwambie nini? Akakimbilia jikoni, akarudi na jiko la mkaa lenye moto. Alitaka kuliweka chini ya injini ili ikauke.

"Wee! Ondoa hilo jiko!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Ilikuwa ya jirani yao, mwanamke anayetengeneza umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Fundi Waya.

"Shemeji, hapo pana petroli! Unataka kumpeleka mama hospitali au kaburini?"

Seremala alirudisha jiko mbio. Fundi Waya akaingia uani na kitambaa kikavu, mswaki wa zamani na kikopo cha grisi.

"Washa taa. Piga honi," alisema.

Taa iliwaka vizuri. Honi ililia kwa nguvu.

"Basi betri ni nzima. Taa zingefifia, tungeanza na betri na nyaya zinazofungwa juu yake. Kila kitu kingekuwa kimya, tungetazama fyuzi pia. Fyuzi ikiungua, weka nyingine ya kipimo kilekile. Usiungeunge na waya, utakuja kuunguza pikipiki nzima."

"Sasa ubovu uko wapi?"

"Nadhani cheche haifiki inapotakiwa. Zima swichi, chomoa ufunguo. Kwanza zima, ndipo ushike nyaya."

Akavuta kofia ya mpira inayofunika plagi. Maji yakadondoka.

"Umeona? Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Hapa pakilowa, umeme unapotea njiani."

Alifuta kofia hiyo, akafuta na plagi, akairudisha kofia mahali pake. Seremala akajaribu tena. Injini ikakohoa, ikazima.

"Bado inajinyoosha?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi Waya akaangua kicheko. "Imebaki kidogo, mama!"

Ufunguo ukachomolewa tena. Fundi Waya alifungua kiti, akafuata nyaya kwa vidole. Akafika mahali zinapoungana, akazitenganisha. Ndani palikuwa na kutu ya kijani.

"Hii kutu si ya mvua ya jana. Unaifunika pikipiki ikiwa imelowa, tena unaibana. Maji hayana pa kutokea. Unyevu unaingia kwenye maungio ya nyaya, yanaota kutu. Shemeji, unaichemsha kwenye sufuria yenye kifuniko!"

"Na mimi nilidhani naitunza," seremala alisema kwa aibu.

"Unaitunza. Ila ifute kwanza, iache ipate upepo. Funika juu tu, chini pawe wazi."

Alisugua kutu kwa mswaki, akakausha, akapaka kidogo grisi maalumu ya umeme. Akayarudisha maungio hadi yakabana. Seremala akabonyeza starta. Injini ikanguruma!

"Asante, jirani! Asante sana!"

"Utanishukuru baadaye. Angalia kwanza taa ya breki. Na uende polepole, breki zenye maji hazishiki vizuri."

Walimkuta daktari. Mama akafanyiwa upasuaji.

Mama alipokuwa bado kituoni, seremala alijenga kibanda cha pikipiki. Kilikuwa na paa imara, na pande zote wazi. Siku ya kumfuata mama, mvua ilikuwa imenyesha tena. Seremala aliifuta pikipiki, akajaribu taa na honi, akabonyeza starta. Iliwaka mara moja.

Mama mkwe alitoka kituoni taratibu. Akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mbona una mvi? Zimeota lini?"

"Asubuhi ile pikipiki ilipogoma, mama."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha mama akavaa kofia yake ngumu, akapanda.

"Twende nyumbani, mama?"

"Hapana. Nipeleke kwanza kwa Fundi Waya. Sauti yake naijua. Leo nataka kumshukuru nikiuona uso wake."

Seremala alimfunga mama mkanda wa kofia. Aliwasha pikipiki, akaenda polepole, naye mama akitazama kila kitu njiani.