Yaretzi Mbele ya Wageni

Siku za shule, Yaretzi na mama yake walitoka nyumbani pamoja asubuhi. Mama yake, Obdulia, alikuwa mpiga debe wa kliniki ya meno. Alisimama kwenye kona karibu na lango la mpaka, akiwaita watu waliovuka kutoka Marekani kuja kutibiwa meno. Hapa Los Algodones, mji mdogo wa Meksiko, madaktari wa meno ni wengi kuliko maduka ya mikate, na kila kliniki ina mpiga debe wake. Obdulia alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Karibu bwana, karibu mama! Kwa Daktari Bañuelos huumwi wala huchelewi!" aliwaita kwa Kiingereza alichookota barabarani.

Lakini biashara ilikuwa imebadilika. Zamani wazee wa kaskazini walikuja kutafuta meno ya bandia, basi. Siku hizi walikuja vijana, watu wa maofisini, hata mabibi wenye wajukuu, wote wakitaka meno yao yapangwe bila mtu kujua. Vyuma vya kufungwa kwenye meno hawakuvitaka kabisa. Walitaka vifuniko vya plastiki ang'avu vinavyovaliwa juu ya meno na kuyasukuma polepole. Mtu akicheka, huvioni. Kliniki ya ng'ambo ya barabara ilikwisha kutundika bango kubwa la vifuniko hivyo, na wateja walimpita Obdulia kana kwamba hayupo.

"Obdulia," Daktari Eloísa Bañuelos alimwambia siku moja, "kazi hii nimeisomea, na mashine ninayo. Nisichonacho ni mgonjwa wa kuwaonyesha watu." Kisha akamgeukia Yaretzi, aliyekuwa amempitia mama yake baada ya shule. "Hebu cheka, mama."

Yaretzi alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa desturi alicheka kiganja kikiwa mdomoni. Meno yake ya mbele yalipandana kama watu wanaogombea mlango mmoja. Aliondoa mkono polepole. Daktari akatabasamu, akasema angempangia meno hayo bila malipo. Alitaka jambo moja tu: Yaretzi avae vifuniko mchana kutwa na usiku kucha, avivue wakati wa kula na kupiga mswaki tu, na kila baada ya wiki mbili aanze jozi mpya. Mwezi wa Novemba, wageni wa msimu wa baridi, wanaokimbia theluji ya kaskazini, wakirudi, wangemwona kwa macho yao.

"Tukiwapata wale wa Novemba, tumepona," Obdulia alimwambia binti yake usiku ule. "Tukiwakosa, Daktari hatakuwa na haja ya mpiga debe. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, mama."

Miezi ya kwanza Yaretzi alijitahidi. Kisha likaja joto, na pamoja na joto yakaja maembe. Mbele ya lango la shule palikuwa na mama aliyeuza vipande vya embe vilivyopakwa pilipili na chamoy, mchuzi mwekundu mzito wenye utamu na ukali pamoja. Kuvua vifuniko, kula, kusukutua, kupiga mswaki na kuvaa tena, yote katika mapumziko mafupi! Yaretzi alichoka. Siku moja akaona isiwe taabu, akala embe lake navyo mdomoni.

Nahúm, jirani yake wa darasani, ndiye aliyemwona kwanza.

"Wee! Njooni mwone!" alipiga kelele. "Meno yasiyoonekana yanaonekana mpaka ng'ambo ya mpaka! Yaretzi, umetafuna karoti au taa ya barabarani?"

Darasa zima lilicheka. Yaretzi alikimbilia bombani, akasugua na kusugua, lakini vifuniko vilibaki na rangi ya chungwa. Jioni, mama yake akiwa bado kazini, aliweka sufuria ya kahawa jikoni, akachemsha maji na kuvitumbukiza humo. Rangi ilipungua kidogo. Vifuniko vyenyewe vilijikunja kama majani makavu, vikawa havivaliki tena.

Hapo angeweza kwenda kusema. Badala yake alivitupa, akakaa wiki mbili mdomo mtupu, akiongea kwa kubana midomo. Siku ya jozi mpya ilipofika, jozi haikumwingia sawasawa, maana meno yalikuwa yamerudi nyuma. Aliisukuma kwa vidole mpaka machozi yakamtoka, na ikaacha nafasi kati yake na meno. Kwa kuwa iliuma, akawa anaivaa usiku tu, na jozi zilizofuata hivyo hivyo.

"Unavivaa kila siku?" Daktari alimwuliza.

"Ndiyo, Daktari."

"Mchana pia?"

"Ndiyo, Daktari."

Daktari alikunja uso, akapima, akapima tena. "Ajabu," alisema. "Basi kosa ni langu. Kuna mahali nimekosea hesabu." Yaretzi aliona vibaya sana kusikia hivyo, lakini hakusema neno. Kila mara alipopita kliniki jioni alimkuta Daktari ameinamia mashine yake, anatafuta kosa ambalo halikuwepo.

Novemba ikafika. Wageni walijaa kwenye chumba cha mapokezi, kila mtu na tamale yake, andazi la mahindi lililopikwa ndani ya ganda la hindi, na kikombe cha kahawa. Miongoni mwao alikuwemo Bi Marlys, bibi mwembamba mwenye kofia ya jua, aliyekuwa akitabasamu midomo ikiwa imefungwa. Obdulia alisimama kando ya Daktari ili afasiri.

"Wageni wangu," Daktari alianza, "niliwaalika niwaonyeshe vifuniko vya kupanga meno. Mgonjwa wangu wa kwanza ni binti huyu. Amevivaa kila siku kama nilivyomwagiza, na bado meno yake hayajafika nilipokusudia. Kosa liko kwenye vipimo vyangu, na sijaliona. Sitamfanyia mtu kazi nisiyoimudu. Anayetaka vifuniko, namshauri avuke barabara, aende kliniki ile ya pili."

Obdulia alifasiri, na sauti yake ile ya kuamsha mtaa ikawa ndogo. Yaretzi alimtazama mama yake, akamtazama Daktari. Akasimama.

"Daktari, si wewe. Ni mimi."

Akamgeukia Obdulia. "Wafasirie, mama," alisema.

"Nifasiri nini nawe? Hujasema kitu."

"Sikuvivaa. Nilikula embe la pilipili navyo, vikageuka rangi. Nikavichemsha kwenye sufuria ya kahawa, vikajikunja, nikavitupa. Tangu hapo navaa usiku tu. Halafu kila siku namdanganya Daktari."

Obdulia aliwageukia wale watu. Wageni hawakujua Kihispania. Angeweza kuwaambia kwamba mtoto anawasalimu, na mambo yakaishia hapo. Badala yake akafasiri neno kwa neno, embe, pilipili, uongo na yote. Alipofika kwenye sufuria alishindwa kujizuia.

"Sufuria yangu!" aling'aka. "Ndiyo maana kahawa ilikuwa inanuka plastiki! Nami nikaenda kugombana na muuza duka!"

Alilifasiri na hilo pia. Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa Daktari, aliyekaa chini taratibu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Bi Marlys ndiye aliyetangulia kunyamaza. "Na ukivivaa kama inavyotakiwa," alimwuliza Yaretzi kupitia kwa Obdulia, "vinafanya kazi?"

"Sijui, bibi. Sijawahi kuvivaa kama inavyotakiwa mpaka mwisho."

"Basi jaribu. Mimi nimeficha meno haya maisha yangu yote. Mwezi wa tatu tunarudi kwetu. Nitapita hapa kwanza, nikutazame. Nikikuta yamepangika, nitakaa kwenye kiti kile."

Wageni walipoondoka, Yaretzi alimwomba Daktari msamaha huku akilia. Daktari alimpa kitambaa.

"Mimi sikugombezi," alisema. "Mama yako atalifanya hilo vizuri kuliko mimi. Kaa hapa tupime upya."

Majira yale ya baridi Yaretzi alifanya kazi kwelikweli. Kila jozi mpya ilimpa maumivu siku za mwanzo, akavumilia. Sikukuu ya Wafalme, ile ya Mamajusi, ilipofika mwezi wa Januari na mkate mtamu wa duara ukakatwa, alikula kipande chake, akainuka mezani wenzake wakiendelea, akaenda bombani na mswaki. Hata Nahúm alichoka kumcheka, akageuka askari wake. "Yaretzi, vifuniko!" alikuwa akimpigia kelele katikati ya uwanja, na kumbe saa nyingine alikuwa amevisahau kweli. Jozi mojawapo ilipomwingia kwa mara ya kwanza bila kusukumwa, alirukaruka jikoni mpaka mama yake akadhani ameungua.

Mwezi wa tatu, Bi Marlys alifika kama alivyoahidi. Hakuja peke yake. Alikuja na kundi la majirani zake kutoka kambi ya magari ya kulala, maana kisa cha sufuria ya kahawa kilikuwa kimewafikia wote. Daktari alimkalisha Yaretzi chini ya taa.

Yaretzi alivua vifuniko, akacheka mdomo wazi mbele ya watu wote. Meno ya mbele yalisimama mstarini, kila moja mahali pake. Bi Marlys aliinama, akatazama juu, akatazama chini, akaomba na kioo cha Daktari. Kisha akavua kofia yake, akaitundika ukutani, na kwenda kukaa kwenye kiti. Watu walipiga makofi mpaka wapita njia wakachungulia, na nyuma ya kiti cha Bi Marlys ikaanza kujipanga foleni. Obdulia alitakiwa kufasiri, lakini alikuwa amemkumbatia binti yake, wala hakusikia aliyekuwa akimwita.

Jioni, mteja wa mwisho alipotoka, Daktari alimwita Yaretzi.

"Unajua ni nini kilichoiokoa kliniki hii?"

"Meno yangu?"

"Meno yalikuja baadaye. Novemba nilikuwa tayari kuiacha kazi ninayoiweza, kwa sababu mgonjwa wangu alinificha. Daktari hawezi kurekebisha asichoambiwa. Ulipofanya kosa la embe, ulikuwa mtoto kama watoto wote. Uongo ndio uliotaka kutumaliza sisi watatu. Ukaweza kusema ukweli mbele ya watu, wakati ilikuwa rahisi kunyamaza, na baada ya kusema ukafanya kazi. Mambo hayo mawili sikukufundisha mimi. Umeyafanya mwenyewe."

Yaretzi akavaa vifuniko vyake, akamshika mama yake mkono, na wote wawili wakatoka barabarani wakicheka.