Majibu ya Bibi

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya shule, Karani aliipitia nyumba yao chumba kwa chumba kama mlinzi anayekabidhiwa zamu. Alichomoa pasi ambayo mama yake aliiacha ikiwaka juu ya blauzi. Alifunga bomba la bafuni. Aliitafuta simu ya mama akaikuta kabatini, imelala kati ya vikombe. Ufunguo wa mlango aliukuta mlangoni, upande wa nje, ulikokesha usiku kucha ukiwakaribisha wezi. Baada ya hapo alikwenda shule akiwa mtulivu, kama kawaida yake.

Jina hilo la Karani alipewa na bibi yake mzaa mama, aliyeishi nao. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona mwanga na vivuli, basi. Barua, ujumbe wa simu, maandishi ya chupa za dawa, vyote alisomewa na mjukuu wake, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko ulionyooka kuliko wa walimu wake wawili.

Mama alikuwa mkataji katika kiwanda cha kushona sare za shule. Wenzake walimwita Kimbunga, na jina hilo lilikuwa sifa na lawama kwa pamoja. Siku ya kazi ya haraka hakuna aliyemfikia. Siku ya kawaida aliacha kazi tatu nusunusu, akaomba radhi, akacheka, akaanza ya nne. Alikuwa na huruma ya kuwatosha watu kumi, na hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai.

Ndipo likatokea la mikono ya mashati. Kiwandani, kitambaa hutandazwa tabaka juu ya tabaka, uso wake ukitazama juu. Mkataji huweka karatasi ngumu yenye umbo la mkono wa shati, kisha hukata tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Hapo hupatikana mikono ya kulia. Kupata ya kushoto, ni lazima karatasi ile igeuzwe. Mama alikata rundo la kwanza vizuri kabisa. Alipofikia kugeuza karatasi, alikumbuka kwamba mwenzake aliomba uzi mweupe. Akaenda kuutafuta. Njiani akaona mlango wa kabati umelegea bawaba, akatafuta bisibisi akazikaza. Aliporudi mezani, alikata rundo la pili bila kugeuza chochote. Kengele ya kutoka ilipolia, kiwanda kilikuwa na mikono mia nne, yote ya kulia.

Msimamizi, mwanamke wa maneno machache, hakufoka. Alisema hilo lilikuwa kosa la tatu la aina hiyo ndani ya mwaka. Alisema pia kwamba anamwona akihangaika kuliko wote, kwa hiyo hawezi kuliita uzembe, lakini hana jina lingine la kuwapelekea wakubwa. Nesi wa kiwanda alishuku kwamba huenda ni ugonjwa. Basi Mama aende hospitali na barua ya msimamizi akapimwe, na kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata alete barua ya daktari. Bila barua, nafasi yake ingepewa mtu mwingine.

Kliniki yenyewe ilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, nyuma ya mlango wa kijani. Karani aliufahamu mlango ule. Binti wa jirani, waliyesoma naye darasa moja, alimweleza habari zake wakiwa kwenye foleni ya bomba la shule.

"Huko hawaendi wenye mafua, mwenzangu. Huko wanakwenda ambao kichwani imedondoka skrubu. Mama yako anaumwa nini vile?"

"Mgongo," alijibu Karani, akaondoka na chupa tupu.

Daktari wa mlango wa kijani hakuwa na papara. Alimuuliza Mama anavyolala, kama ana huzuni ya muda mrefu, kama moyo humwenda mbio bila sababu. Alimtoa damu ili apime tezi ya shingo, kwa kuwa tezi ikiharibika nayo humvuruga mtu. Aliuliza pia maswali ya usonji, akieleza kwamba hali hizi mbili, usonji na tatizo la umakini, wakati mwingine hutembea pamoja. Zote mbili, alisema, huweza kujificha hadi utu uzima, hasa kwa wanawake waliojifunza mapema kutabasamu na kuomba radhi. Mwisho alimpa karatasi yenye maswali ishirini, ijazwe na mtu aliyemfahamu kabla hajatimiza miaka kumi na miwili.

Mtu huyo alikuwa Bibi. Na kalamu ya Bibi alikuwa Karani.

Waliketi jioni hiyo nje ya mlango wa jikoni, Bibi akichambua maharage kwa vidole vinavyoona kuliko macho. Karani alisoma swali, kisha majibu manne ya kuchagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara.

"Je, alikuwa akipoteza vitu vyake vya shule?"

Bibi alicheka hadi maharage yakamwagika. "Mama yako? Alipoteza begi, mjukuu wangu. Begi lenyewe, achilia mbali kilichomo. Weka kila mara."

Karani aliweka alama kwenye kamwe.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Karatasi ikiwa safi, Mama ni mzima. Na Mama akiwa mzima, hakuna atakayemwona tena akiingia mlango wa kijani. Swali la pili, kamwe. La tatu, kamwe. Bibi alisimulia kila jibu kwa raha, kama anayetoa nguo za zamani sandukuni, na mjukuu aliitikia "ndiyo, Bibi" huku akiandika ya kwake. Yalipotimia ishirini, Bibi alibonyeza dole gumba chini ya ukurasa.

Jumatano ya wiki iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa, na Karani alimsindikiza mama yake. Alingoja kwenye benchi la korido. Mama alipotoka alikaa kando yake, mikono imetulia mapajani. Hilo halikuwa kawaida yake. Baadaye alieleza, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba tatizo lile huanza utotoni. Karatasi ya Bibi inaonyesha mtoto mtulivu asiye na kasoro. Daktari ameshangaa, kwa kuwa hayo hayalingani na aliyoyaeleza Mama mwenyewe, na hawezi kuandika barua juu ya jambo asilokuwa na uhakika nalo. Itabidi waanze kutafuta upya, na huko ni miezi. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Basi ni uvivu tu," Mama alisema. "Nimeambiwa hivyo tangu darasa la pili. Nilitumaini walikosea."

Karani alikuwa amejiandaa kwa vicheko vya binti wa jirani. Kwa sentensi ile hakuwa amejiandaa. Alitazama mlango wa kijani. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Bibi hasomi, daktari hana la kulinganisha nalo. Mama angerudi nyumbani bila kazi, akiamini jambo ambalo mwanawe ndiye aliyelithibitisha kwa kalamu.

Alisimama akabisha hodi.

"Daktari, majibu yale si ya Bibi," alisema. "Ni yangu. Yeye alisema mengine."

"Mangapi uliyabadilisha?"

"Yote ishirini."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, na alisikia. Daktari hakumkemea mtu. Aliuliza kama Bibi anaweza kuja mwenyewe kesho yake, na kama kuna ripoti zozote za shule zilizosalia tangu Mama akiwa mdogo.

Zilikuwepo. Bibi alikuja Alhamisi akishikwa mkono, na mfuko wa ripoti kwapani. Aliomba kwanza asomewe karatasi iliyokuwa na dole gumba lake. Alisikiliza kamwe zote ishirini bila kukatiza, kisha akasema hayo si maneno yake, na akaanza upya. Alieleza jinsi binti yake alivyotumwa maji akiwa na miaka minane, akarudi baada ya saa tatu na kifaranga cha watu mkononi, bila ndoo na bila maji. Alieleza adhabu, na jinsi adhabu zilivyozaa machozi lakini hazikuzaa ndoo. Ripoti zilimuunga mkono. Mwalimu wa darasa la tatu aliandika kwamba mtoto ana akili ila akiwepo darasani hayupo. Wa darasa la tano, ambaye hakuwahi kukutana na wa tatu, aliandika karibu maneno hayohayo.

Daktari alilinganisha yote: maelezo ya Mama, ya Bibi, ripoti, majibu ya damu, na barua ya msimamizi. Alisema usonji haukuonekana. Tatizo la umakini lilionekana wazi, na lilikuwepo tangu utotoni. Umakini wa Mama haujakosekana, alifafanua, bali hauna usukani. Huelekea unakotaka wenyewe. Tatizo hilo lina msaada: kuna dawa na kuna namna ya kupanga kazi.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu?" aliuliza Mama.

"Mvivu haji hapa akiwa amechoka hivi," alijibu daktari.

Barua ilifika kiwandani Ijumaa asubuhi. Msimamizi aliisoma mara mbili, akampa Mama miezi mitatu ya majaribio: agizo moja kwa wakati mmoja, liandikwe ubaoni, na mwenzake akague meza kabla ya kila mkato. Mwezi wa kwanza ulipita salama. Wa pili kulitokea kosa moja, nalo lilionwa mapema. Baada ya wa tatu hakuna aliyezungumzia tena majaribio.

Bibi alikuwa amesubiri mambo yatulie. Siku moja mchana alimwita mjukuu wake.

"Nilikuazima ulimi wangu, ukausemesha ya kwako," alimwambia. "Kwa nini?"

Karani alisema alitaka kumsitiri mama yake na aibu.

"Aibu gani? Mama yako ameishi miaka yote hiyo akijiita mvivu, kwa kuwa hakuna aliyempa neno lingine. Neno lilipofika mlangoni, wewe ukalifungia nje. Umpendaye usimpambe mbele ya daktari, mjukuu wangu. Daktari hutibu mtu aliyeelezwa kwa kweli. Yule wa kwenye karatasi yako hakuwepo, daktari asingeweza kumsaidia." Alimsogezea kigoda. "Sasa lete kalamu. Nataka kumwandikia dada yangu."

Karani alileta kalamu na karatasi, akaketi. Bibi alianza na salamu, akauliza hali ya miguu ya dada yake, akaeleza habari za kliniki. Kisha akasema polepole, ili kila neno lipate nafasi:

"Andika: mjukuu wangu alinidanganya, nami sikuona."

Kalamu ilisita. Halafu Karani akaandika neno kwa neno, kama lilivyosemwa, akamsomea Bibi sentensi ile kwa sauti.

"Vizuri," alisema Bibi. "Ongeza: baadaye akabisha hodi mwenyewe, bila kutumwa."