Kumi Ambayo Haikufika

Jamaa zangu, sogezeni viti karibu. Ninyi mnaopenda kubishana juu ya nani kashinda na nani kaonewa, leo nawaletea habari ya mtu aliyeshinda, na ushindi wenyewe ukamharibia nyumba.

Pale Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, miaka ile ya chama kimoja, shaba ikiwa bado na bei na kila mtu akiitwa citoyen, yaani mwananchi, hata na mke wake akikasirika, walikuwepo wanaume wawili wazito. Nikisema wazito namaanisha hivyo hivyo: wakikaa benchi moja, wa tatu husimama. Mmoja alikuwa Musonda, Mbemba wa hapa hapa, aliyefanya kazi kwenye tanuri la kuyeyushia shaba. Wa pili alikuwa Paulin, mwenye duka dogo la chumvi na mafuta ya taa. Wazazi wake walitoka Kasai. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, lakini mtaani nani angepoteza pumzi kumtafutia jina jingine? Paulin alibaki Paulin.

Kila Jumapili baada ya misa walifanya mazoezi ya ngumi uani kwa Musonda, wakipiga gunia la maranda ya mbao. Paulin ndiye aliyekuwa parrain wa Bijou, binti wa Musonda, yaani baba yake wa ubatizo. Na wake zao, Nkandu wa Musonda na Simone wa Paulin, waliuza samaki wakavu sokoni kwenye meza moja. Nkandu alipata samaki kwa ndugu zake wa Pweto. Simone alijua kuwauza, maana kwa mdomo ule angemuuzia samaki hata mvuvi. Jioni bukari, ule ugali wetu, ilikuwa moja, mboga moja, kelele moja. Walikuwa watu wenye raha, na walijua kuwa wana raha.

Basi sikukuu ya chama ikaja, na wakubwa wa zone, yaani wilaya yetu ya mjini, wakataka pambano la uzito wa juu. Wazito walikuwa hao hao wawili. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, ambayo sisi huku tunaiita kinga, na mshindi angepelekwa Kolwezi kupigania jina la zone.

"Parrain, siku ile sitakuonea huruma," Musonda alimtania.

"Piga tu," Paulin akajibu. "Mangaribi njo utalipa bia."

Siku ilipofika uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Raundi ya tatu Paulin akamwonyesha mwenzake mkono wa kushoto, akampa wa kulia. Musonda akaenda chini mzima mzima. Mwamuzi akaanza kuhesabu.

Sasa jamaa, mimi sijui yule bwana alijifunza hesabu wapi. Kati ya namba moja na nyingine ungeweza kusonga bukari. Alihesabu tatu, akaacha, akamsukuma Paulin kwenye kona yake. Akahesabu nne, akainama kufunga kamba ya kiatu. Watu wakapiga miluzi. Musonda, shavu likiwa juu ya turubai, alisikia kila kitu. Alisikia vizuri kabisa kwamba kumi ilikuwa imekwisha kupita zamani, ingawa hakuna aliyeitaja. Mwamuzi aliposema nane, ndipo alipoinuka, amepumzika kama mtu aliyetoka likizo.

Mwishoni waamuzi wa pembeni wakatoa pointi zao: mshindi, Musonda. Mkubwa mmoja akashika kipaza sauti akashangilia kwamba "mtoto wa hapa" ameshinda. Alisema hivyo mbele ya Paulin, aliyezaliwa Lubumbashi sawa na Musonda.

Hapa tazameni vizuri, maana kosa la nyumba hii limelala hapa. La mwamuzi ni la mwamuzi, na Mungu anamjua. Lakini Paulin alisimama, mikono imening'inia, akamtazama rafiki yake usoni akingoja. Neno moja tu lingetosha. Musonda akatazama baiskeli, akatazama umati, akainua mkono juu.

Paulin hakulalamika popote. Jumapili iliyofuata hakuja, basi. Na Jumatatu Simone alifika sokoni kuchukua kisu chake na kitambaa chake cha meza.

"Simone, shiye banamuke tulipigana?" Nkandu akamuuliza.

"Hapana, dada. Lakini bwana yangu usiku halale. Siwezi kucheka na weye hapa muchana muzima, halafu narudia ku nyumba namukuta vile anakaa."

Akaondoka akilia, na Nkandu akabaki akilia. Samaki wa Pweto walikaa mezani mpaka wadudu wakawatangulia wateja.

Musonda naye alidhani atafurahia kinga yake. Asubuhi ya kwanza alipoipanda kwenda kazini, watoto wa mtaa walijipanga njiani. "Moya!" wakaimba. Kisha wakanyamaza, mmoja akajilaza chini akakoroma. "Mbili!" Wakanyamaza tena. Musonda alifika kona ya barabara kabla hawajafika tatu. Kesho yake akaenda kwa miguu, na kinga ikawekwa chumbani karibu na kitanda, ambako Nkandu aligonga ugoko kila alfajiri.

Aibu ikishindwa kutoka mdomoni hutafuta mlango mwingine. Musonda akaanza kunywa lutuku, ile pombe kali inayouzwa nyuma ya nyumba. Jioni moja kwenye nganda, yaani baa ya mtaani, alimpiga ngumi mtu aliyekuwa anahesabu chupa zake mwenyewe, maskini, hana habari na ndondi. Mshahara ukaenda kumtibu jino. Bijou, ambaye komunyo yake ya kwanza ilikuwa inakaribia, aliuliza kila siku kama parrain atakuja, na kila siku baba yake alijifanya hasikii.

"Baba Bijou," Nkandu akamwambia mwishowe, "weye ulijua. Nilikuwa pale mbele, nilikuona."

"Arbitre njo alisema! Haiko miye!"

"Arbitre alisema, weye ulinyamaza. Sasa arbitre iko kwake analala. Shiye njo hatulale."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumwambia. Wengine waliogopa wakubwa wa zone, wengine waliogopa ngumi za Musonda. Lakini mila zetu zina dawa ya mtu asiyeambilika, nayo ni utani wa koo. Musonda alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na watani wao, banungwe wao, ni ukoo wa Chui. Mtani wako akikucheka, huruhusiwi kukasirika. Akichukua kitu chako, humwiti mwizi. Ukikunja uso mbele yake, umejiaibisha wewe na babu zako wote.

Ikafika siku ya kumaliza matanga ya mjomba wa Musonda. Watu wamekula, wanacheza, uani kumejaa. Akaingia Mama Chanda, mwanamke wa ukoo wa Chui, muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, mnene kuliko mabondia wote wawili. Hakusalimia mtu. Alifika katikati ya ua, akajipiga ngumi kidevuni, akaanguka puu.

"Muhesabu!" akaamuru kutoka chini.

"Moya!" watu wakaitikia, wengine kwa hofu.

Mama Chanda akanyoosha mkono, akamega bukari, akala. "Muendelee."

"Mbili!"

Akaomba maji. Akasalimia wageni wa Lukafu, akawauliza habari za mashamba, mvua imenyesha? Mihogo je? "Tatu!" Akajigeuza upande wa pili, akavuta kitenge hadi shingoni. "Miye nalala kidogo. Mukifika nane, muniamshe, nikuye kubeba kinga yangu."

Macho yote yakamgeukia Musonda. Alikuwa amekunja ngumi mapajani. Kisha kifua kikaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, kile ambacho Nkandu hakuwa amekisikia tangu siku ya pambano. Alicheka hadi machozi yakaja, na machozi yalipokuja hayakuwa tena ya kicheko.

Mama Chanda akaketi. "Mbuzi yangu, Chui amekuya. Kinga iko wapi?"

"Iko chumbani, mama. Lakini usibebe weye. Nitabeba mwenyewe."

Akaingia ndani, akaiweka kinga begani bila kuipanda, akapita nayo Naviundu nzima, watu wote wa matanga nyuma yake. Paulin alikuwa anapanga chumvi dukani. Alipoona umati akasimama mlangoni.

"Paulin," Musonda alisema kwa sauti, ili hata wa mwisho asikie. "Siku ile uliniangusha. Kumi ilipita, nilikuwa chini, na nilijua. Weye njo ulishinda. Unisamehe."

Paulin akaitazama ile kinga, halafu tumbo lake mwenyewe.

"Na huu uzito, kinga nitaifanya nini? Itavunjika mara moya. Upatie banamuke babebee samaki." Kisha akaipokea kinga begani kwa Musonda, akaiegemeza ukutani. "Miye nilikuwa nangojea ile maneno tu, ndugu yangu. Nilingojea kila siku."

Wakakumbatiana mlangoni, na kwa kuwa mlango ulikuwa mdogo, walikwama, ikabidi Simone awasukume.

Siwadanganyi: kwa wakubwa matokeo hayakubadilika. Mkubwa yule alikasirika, na Kolwezi akapelekwa mtu mwingine kabisa. Lakini meza sokoni ikawa moja tena, kinga ikabeba samaki, na siku ya komunyo Bijou alishikwa mkono na parrain wake.

Jumapili iliyofuata, uani, Paulin alimwangusha Musonda tena. Safari hii aliyehesabu alikuwa Bijou, haraka haraka, hata namba zikakanyagana.

"Polepole, mutoto yangu!" baba yake akalia kutoka chini.

"Hapana, papa. Polepole njo ilituletea matata. Kumi!"

Mafunzo

Jamaa zangu, mwamuzi anaweza kukupa ushindi, lakini usingizi hana wa kukupa. Ukipokea haki ya mwenzako na kunyamaza, umekuwa mwamuzi wa pili, na mara nyingi wewe ndiye mbaya zaidi, kwa sababu wewe ulijua. Wakubwa wakikupendelea kwa sababu u mtoto wa hapa, uliza nani wanamfanya mgeni, maana huenda ndiye aliyembeba binti yako kwenye ubatizo. Na mkiwa na mtani anayewacheka, msimfukuze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Heri aumbuliwe na kicheko.

Basi ukijua ulikuwa chini, sema kabla hujainua mkono. Na kama umekwisha kuuinua, bado unaweza kuushusha. Musonda aliushusha mbele ya mtaa mzima, baiskeli ikiwa begani, na siku hiyo ndipo alipolala.