Mpini wa Kijiko cha Babu

Kila alipotoka shule, Chiriku, kama walivyomwita nyumbani kwa maneno yake mengi, alinawa mikono akamlisha babu yake supu. Tangu babu augue kiharusi, vidole vyake havikuweza kushika kijiko chembamba. "Asante, mjukuu wangu," alisema kila mara, lakini Chiriku aliijua hamu yake: kula kwa mkono wake mwenyewe.

Basi akachora mpini mnene kwenye kompyuta ya shule, wenye tundu la kuchomekea kijiko. Akapeleka faili kwa shangazi yake, fundi mwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Shangazi alikuwa na wateja, akamwambia aanze mwenyewe. Chiriku alipofungua faili, lo! Mpini ulikuwa mdogo kama punje ya mchele. Aliona haya kuuliza. Akauvuta kwa kipanya mpaka macho yakaridhika, akabonyeza kitufe.

Jioni kijiko kilipwaya tunduni, kikachomoka, supu ikamwagikia shati la babu.

"Hata shati lilikuwa na njaa," babu alitania, lakini Chiriku alilia.

Kesho yake alimweleza shangazi kila kitu, bila kuisingizia mashine.

"Ulichora kwa kipimo gani?" shangazi aliuliza.

"Inchi. Urefu inchi nne."

"Programu yangu inahesabu kwa milimita. Faili ilileta nne tu, haikusema nne za nini, ikasomwa milimita nne. Inchi moja ni milimita ishirini na tano nukta nne. Haya, zidisha."

Chiriku akakuza mchoro wote mara ishirini na tano nukta nne. Kisha akakipima kijiko kwa rula, akalinganisha na tundu kwenye skrini. Vikalingana, akachapa mpini mpya.

Jioni ile, shangazi akiwa nao mezani, mkono wa babu ulishika mpini mnene, ukapanda polepole, ukafika mdomoni. Akameza.

"Supu hii ina chumvi nyingi!" akasema.

Wote wakaangua kicheko. Miezi yote ya kulishwa hakuwahi kulalamika hata mara moja.

"Asante, mjukuu wangu," akaongeza, machozi yakimlengalenga. "Leo nimekula."

"Mshukuru pia kwa kusema ukweli, baba," shangazi alisema, kisha akamgeukia Chiriku. "Namba bila kipimo chake haina maana. Ukiona mambo hayalingani, usikisie. Pima, na uulize. Kuuliza si ujinga."

"Asante, shangazi," alisema Chiriku.

Babu akaomba bakuli la pili, na chumvi yake.