Tangawizi Ndani ya Blanketi

"Shika blanketi lako, dereva. Nenda."

Dereva! Mwaka mzima Sauhan alikuwa akimwita Kaka Ting.

Ting aliganda pale mlangoni pa chumba cha majeruhi, hospitali ya mtaa wa Sham Shui Po, gari lake la wagonjwa likinguruma nje. Kila akileta mgonjwa, aliliacha blanketi alilomfunikia, na muuguzi Sauhan akampa safi. Alilikunjua la leo harakaharaka. Hamna kitu! Siku zote ndani yake kulikuwa na kipande cha tangawizi ya sukari, kimefungwa kwa karatasi nyekundu. Ting aliishi kwa kipande kile. Aibu iliyoje, kila simu ya dharura ikilia, moyo wake uliruka kwa furaha, maana ili amwone Sauhan lazima mtu aumie.

"Sauhan, nimekukosea nini?"

"Hujanifanyia lolote, ndiyo shida yenyewe! Jioni hii mshenga analeta keki za posa kwa mama. Bwana anayeniposa ana duka la samaki wakavu. Nimengoja uniambie nisikubali. Tangawizi zote zile, hata jibu moja!"

"Na pipi zangu za karanga je? Kila mgonjwa niliyemleta nilikuwekea mbili, kwenye pindo la blanketi!"

"Blanketi lipi?"

"Nililomfunika! Hilo ninalokuachia!"

Sauhan alijiziba mdomo. "We Ting wewe! Blanketi chafu mimi siligusi. Linakwenda moja kwa moja kwa dobi!"

Na dobi mwenyewe huyo hapo, Shangazi Lok, mjane mwenye meno ya kuhesabu, anasukuma toroli la mashuka. Alipomwona Ting, akajiweka sawa nywele.

"Hatimaye umekuja mwenyewe! Pipi zako tamu, mwanangu, ila umri wangu huu..."

"Shangazi, hazikuwa zako!"

"Hazikuwa zangu? Nami nimekwenda kusukwa nywele kwa ajili yako! Mshenzi mkubwa!"

Sauhan alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Simu ya mapokezi ikalia, karani akaipokea na kupaza sauti. "Ting, ni kituo chenu! Fundi ameanguka kwenye jukwaa la mianzi. Wanasema ukimbie!"

Ting hakuondoka. "Usikubali, Sauhan. Sina duka, sina hata samaki mmoja mkavu. Lakini nakupenda mpaka nashindwa kula."

"Nikiolewa, hata na wewe, hospitali inanifukuza kazi siku hiyohiyo. Unaijua sheria yao."

"Basi nitangoja. Mpaka waibadilishe, au mpaka uwachoke mwenyewe. Si nimeshazoea kukungoja?"

Sauhan alimpokonya lile blanketi, akalikunja upya. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na karatasi nyekundu. Alikuwa nayo tangu asubuhi. Akaichomeka ndani ya blanketi, akamrudishia.

"Mshenga atarudi alikotoka na keki zake," alisema. "Kimbia, mtu anaumia."

Ting alikimbia, akaruka nyuma ya usukani, akaanza kupiga kengele. Sauhan akamfuata mpaka kwenye dirisha la gari, kofia yake nyeupe imekwenda upande.

"Ting! Jumapili sina zamu. Njoo."

"Nije na nini?"

"Njoo tu. Bila mgonjwa."