Kasoro Aliyoificha Arsenio

Katika msongamano wa sokoni Chikongola, kamba ya mkoba wa Gladness ilinasa kwenye shati la kitenge la kijana mmoja mrefu. Alipovuta, kifungo kikang'oka.

"Dada, mkoba wako umenipenda," kijana alisema.

"Hauna adabu huo, usiuzoee!"

Kifungo kiliangukia mkobani, Gladness akaondoka nacho bila kujua.

Kesho yake wakakutana hotelini, kwenye mafunzo ya usimamizi wa mazingira kwa maofisa wa makampuni. Gladness alitoka kiwanda cha korosho. Kijana yule, Arsenio, mzaliwa wa Kilambo, alitoka kampuni ya malori. Mwezeshaji aliwapanga wawili wawili: kila mtu akague kazini kwa mwenzake, na siku ya kufunga aseme kasoro aliyoiona. Akawapanga hao hao wawili pamoja. Bahati nayo ina uchokozi wake.

Wakakaguana kweli kweli. Simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nikusikie kwanza ndiyo nile."

"Mwongo mkubwa wewe!"

Siku ya kufunga, Gladness alipendeza ndani ya gauni la manjano. Alisimama mbele ya mabosi akasema wazi kwamba oili chafu ya gereji ya kina Arsenio inaishia kwenye mikoko. Alisema kwa sababu alimpenda, hakutaka siku moja kazi ije kumwumbua. Arsenio akafuata, akasema kiwandani kwa Gladness hakuona kasoro yoyote. Alikuwa ameliona bomba la moshi limepasuka. Naye alinyamaza kwa sababu alimpenda.

"Umeniaibisha mbele ya bosi wangu," Arsenio alimwambia mlangoni.

"Na wewe hukunikagua. Ulikuja kutembea tu."

Simu zikafa. Masika ikaja, ikaisha. Gladness alimkumbuka mpaka akajionea huruma. Kila shati la kitenge sokoni lilimgeuza shingo. Arsenio aliandika ujumbe akafuta, akaandika tena akafuta. Ukaidi gani huo, jamani!

Kisha moshi ukawazidi majirani wa kiwanda, kikasimamishwa kazi, na lawama zote zikamwangukia Gladness. Siku hiyo simu iliita.

"Gladi, ule mpasuko niliuona. Nikaficha, nikidhani nakulinda."

"Kwa nini, Arsenio?"

"Niliogopa kukukosa."

"Si ndiyo ukanikosa?"

"Nimekukosa, mama. Njoo gereji uone."

Alikwenda. Sakafu ilikuwa ya zege jipya, oili inakusanywa kwenye mapipa, na upande wa pili mikoko michanga imeanza kutoa majani. Arsenio alisimama na shati lile lile, kifungo bado hakipo.

"Nimekagua," Gladness alisema. "Sina la kusema."

"Mimi nina kasoro moja, na leo sifichi. Kila jioni unarudi kwenu Chuno. Nataka uwe unarudi kwangu."

Machozi yalimtoka. Alifungua mkoba, akatoa kifungo alichokikuta humo na kukitunza miezi yote ile, akamwekea kiganjani.

"Kishone," alisema. "Jumapili baada ya ibada baba anakuwepo nyumbani."